Ushahidi Ulioliwa

Niliwahi kuwa mwalimu mahiri kwa siku tisa, na walionipima walinipa alama nne kati ya nne. Nalisema hili mapema ili ujue ni watu wa namna gani nitakaokusimulia habari zao. Mimi sijawahi kusomea ualimu hata saa moja. Kidato cha nne nilitoka na F ya Hesabu iliyonyooka kama mlingoti, na Kiswahili ndicho kilichoninusuru nisitoke mikono mitupu. Wakati huo nilikuwa kwenye kikundi cha maigizo hapa Morogoro mjini. Tulizunguka sokoni na stendi tukiigiza michezo ya kunawa mikono na kulala kwenye chandarua, na mimi ndani ya moyo wangu nilikuwa nimeshajiona kwenye runinga, nimevaa gauni refu, watu wa kwetu Kinole wamejaa kibandani wananitazama.

Basi siku moja kiongozi wa kikundi akapigiwa simu. Kulikuwa na mafunzo ya watathmini, yaani watu watakaopita mashuleni kuwaangalia walimu wakifundisha, kuwalinganisha na kitabu cha viwango, na kuwapa cheti wale walio bora kuliko wenzao. Cheti kingeandikwa Mwalimu Mahiri. Lakini kabla watathmini hawajaachiwa kwenda kwa walimu wa kweli, ilibidi wafanye mazoezi kwa mwalimu wa kuigiza. Wakaomba binti mmoja mwenye sauti ya kusikika na sura ya ualimu. Hadi leo sijui sura ya ualimu ikoje. Nilinunua gauni la mtumba la bluu lenye kola, nikasuka nywele mistari, nikaonekana ninayo.

Nilimuuliza mwezeshaji mkuu kwa nini wasichukue mwalimu wa kweli, mji mzima umejaa walimu. Alikuwa baba wa makamo, mwenye tai, na kila neno alilitoa taratibu kama anayekuhesabia vidonge. Akaniambia, "Binti, mwalimu wa kweli hatabiriki." Mimi nikaitikia kwa kichwa. Nilidhani ni hekima.

Kitabu cha viwango kilikuwa kizito, na kila kiwango kilikuwa na viashiria vyake, kama kuku na vifaranga. Nilikisoma siku mbili nikiwa nimelala kifudifudi kitandani, na siku ya tatu nilikuwa nimekishika kichwani chote, kwa sababu kukariri ndiyo kazi pekee niliyojaliwa. Mwalimu mahiri huandika lengo la somo ubaoni, pembe ya juu kushoto, na kulisoma kwa sauti. Huwaita wanafunzi kwa majina. Humpongeza kila anayejibu. Huwa na zana za kufundishia. Na kila anachofanya hukiwekea ushahidi kwenye faili. Neno hilo ushahidi walilitamka kwenye ukumbi wa mafunzo mara nyingi hata nikaanza kuhisi kuna mtu kaua.

Watathmini walikuwa kumi na wanane. Kulikuwa na waliowahi kuwa wakuu wa shule, kulikuwa na wahadhiri, na kulikuwa na ambao sikuelewa walikuwa nani ila walikuwa na mikoba mizuri. Wakaketi kwenye viti wakajifanya watoto wa Darasa la Tatu. Mmoja, mzee mwenye mvi, akanyoosha kidole na kusema, "Mwalimu, naomba kwenda kujisaidia," na ukumbi wote ukacheka. Kesho yake akasema tena, wakacheka tena. Alisema siku tisa. Watu wazima waliokwisha kuzeesha vyeti vyao walikuwa wanacheka kojo lilelile siku tisa.

Somo langu lilikuwa sehemu: nusu, theluthi, robo. Nilikuwa na kurasa tano za maneno ya kusema na kadi za manila nilizopaka rangi mwenyewe, nzuri kwelikweli. Siku ya tatu ya mafunzo mwezeshaji akaniambia niongeze kitu changu mwenyewe ili nionekane sijakariri. Nikachangamka, si ndiyo uigizaji wenyewe. Nikainua kadi mbili juu, nikatabasamu, nikasema, "Haya wanangu wazuri, theluthi na nusu, ipi kubwa?" Sikungoja jibu. "Theluthi! Kwa nini? Kwa sababu tatu ni kubwa kuliko mbili. Hebu tujipigie makofi."

Wakapiga makofi. Kumi na wanane wakainamia karatasi zao wakaandika, kalamu zikisikika kama mende kwenye boksi. Halafu wakainua vibao vya alama: nne, nne, nne, ukumbi mzima nne, isipokuwa mama mmoja aliyeinua tatu. Walimbana nusu saa nzima. Alisema amenipunguzia kwa sababu sikumwuliza mtoto wa nyuma kama anaona ubao. Wakamwonyesha ukurasa, akakubali, akabadili ikawa nne. Kazi hiyo waliiita kuoanisha alama. Kuhusu theluthi na nusu hakuna aliyesema neno. Na mimi nilikuwa sijui. Nilitoka nje pale, nikauangalia mlima umevaa wingu lake, nikajisemea kumbe nina kipaji kuliko nilivyofikiri.

Hatua ya mwisho ya mafunzo ilikuwa kumpima mwalimu wa kweli, shuleni kwake. Wakachagua shule ndogo iliyo juu zaidi ya Kinole, ili, kama alivyosema mwezeshaji, wajaribu viwango kwenye mazingira magumu. Mazingira hayo magumu ndiko nilikozaliwa. Nilisoma shule hiyohiyo, na mwalimu waliyekwenda kumpima ndiye aliyenifundisha kusoma. Ndiye aliyenikamua jipu la goti kwa mikono yake mwaka ambao mama hakuwepo, akanibeba mgongoni hadi nyumbani huku akinigombeza njia nzima kwamba nina uzito kama gunia la viazi. Nikawaomba wanichukue. Mwezeshaji akakubali, alisema watathmini wangeweza kunitumia kama kielelezo.

Gari zilituacha pale kalavati lilipokuwa limebebwa na mvua, tukapanda kwa miguu. Ungewaona. Viatu vya kung'aa kwenye utelezi wa Uluguru. Mmoja aliuliza mara tatu kama huko juu kuna mtandao. Bibi mmoja alikuwa anashuka na mkungu wa ndizi kichwani, akasimama pembeni ya njia ili tupite, na walipita wote mbele yake bila hata shikamoo, isipokuwa mmoja aliyesimama, akampiga picha, akaendelea. Bibi akanitazama mimi. Nilishika mikono yake nikamwamkia mara mbili, moja yangu na moja ya wale kumi na wanane.

Mwalimu wangu nilimkuta nyuma ya darasa ananawa miguu. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe pembeni. Nilipomwamkia hakuitikia marahaba kwanza, alinishika bega akaninong'oneza. Kumbe walikuwa wamemwahidi kwamba akipata cheti, shule yake itakuwa shule ya mfano, na shule ya mfano hupelekewa walimu wapya wawili ili wajifunze kwake. Wenzake wawili walikuwa wamehama, na tangu hapo anafundisha Darasa la Kwanza, la Pili na la Tatu yeye peke yake, katika chumba kimoja na nusu. Hiyo nusu ilikuwa stoo.

"Wawili, mwanangu," akasema. "Umesikia? Wawili. Nitalala usingizi."

Akaingia darasani na kapu la mananasi na panga.

Mimi nilisimama dirishani. Watathmini walijipanga nyuma na karatasi zao magotini. Hakuandika lengo lolote ubaoni. Aliweka mananasi mawili mezani, akakata moja vipande viwili na la pili vipande vitatu, vilivyolingana kabisa, kwa mkono wa mtu aliyekata mananasi maisha yake yote. Akamwita mbele mtoto mmoja mwenye pengo la meno, akamwuliza anataka nusu au theluthi. Mtoto akajibu haraka sana, kabla wenzake hawajamwahi, kwamba anataka theluthi, maana tatu ni kubwa kuliko mbili.

Mwalimu hakumwambia amekosea. Akampa theluthi yake, akamwita msichana aliyekaa naye dawati moja akampa nusu. Mtoto akatazama kipande chake, akatazama cha mwenzake. Uso ukabadilika.

"Mwalimu, umenipunja."

"Nimekupunja mimi au umejipunja mwenyewe?"

Darasa likaangua kicheko, na mtoto naye akacheka. Nilimwona anahesabu kwa kidole hewani: watu wawili wakigawana, watu watatu wakigawana. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayejiambia, "Kumbe mkizidi wengi, kinapungua." Na mwalimu akasema, "Eeh," basi. Hilo tu.

Mimi pale dirishani masikio yalikuwa yanawaka. Mtoto mwenye pengo alikuwa amesema maneno yangu. Maneno yaleyale niliyoyasema mbele ya watu kumi na wanane waliosoma, wakanipigia makofi.

Mananasi yaliyobaki aliyakata vipande vinane vinane, na kila mtoto alipokea thumuni yake, ila haruhusiwi kula mpaka aseme ameshika sehemu gani ya nanasi, na akiongezewa nyingine kama hiyo atakuwa na ngapi. Darasa lote linatiririka utamu mpaka viwiko. Kikabaki kipande kimoja, na msichana mmoja akatumwa akipeleke nyuma kwa mtathmini mmoja mwenye mkoba wa ngozi. Alikibeba kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, thumuni yako." Yule bwana akaitikia marahaba, akala, akajifuta vidole kwa leso, akachukua kalamu akaandika.

Alichoandika tulikuja kukisikia barazani. Walioanisha alama hapohapo, na mwalimu mwenyewe akaitwa akasimama mbele yao kama mwizi wa kuku. Lengo la somo halikuandikwa: moja. Lugha ya kutia moyo: moja, kwa kuwa alimwambia mtoto amejipunja. Usalama wa darasa: moja, kwa sababu ya panga. Wakafika kwenye zana, na bwana wa mkoba wa ngozi akasoma maandishi yake: zana hazikuonekana wakati wa uhakiki.

Mwezeshaji akamgeukia. "Zana zako ziko wapi, mama?"

"Zimeliwa."

"Zote?"

"Ndilo somo lenyewe, baba."

"Sisi tunahitaji ushahidi."

Mwalimu akawatazama mmoja mmoja mpaka akafika kwa yule wa mkoba. "Ushahidi mwingine anao huyu bwana tumboni," akasema. "Mwulizeni kama ni thumuni au ni robo."

Watu waliocheka kojo siku tisa hawakuweza kucheka hilo. Yule bwana alikohoa akafungua ukurasa mwingine. Na mwezeshaji, kwa utaratibu wake wa vidonge, akaanza kuwaeleza wenzake tofauti kati ya walichokiona leo na walichokiona ukumbini, akanitaja mimi. Binti huyu, alisema, aliandika lengo, alipongeza, alikuwa na kadi ambazo hata leo zipo kwenye faili. Mwalimu wangu akanitazama. Kama ardhi ya Uluguru imewahi kuporomoka watu wakaiombea isiporomoke, mimi siku ile niliiombea iporomoke nami ndani yake.

Walipotawanyika kwenda kunywa maji yao ya chupa nilimfuata mwezeshaji. Nilimwambia kwamba ukumbini niliwafundisha kuwa theluthi ni kubwa kuliko nusu. Hakunielewa, nikarudia. Alifikiri kidogo, kwa kweli alifikiri, nilimwona. Halafu akaniuliza:

"Hilo liko kiashiria namba ngapi?"

Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi usiwe na wasiwasi," akanigonga begani kwa upole. Na upole huo ndio ulionimaliza. Mtu mbaya ungemchukia, moyo ukatulia. Huyu hakuwa mbaya. Alikuwa amekitazama kitabu chake muda mrefu hata macho yamesahau kazi nyingine. Nilimdharau pale barazani, nikawadharau wote, na hadi leo sijapata sababu ya kuacha.

Kanuni yao iliruhusu mwalimu kuangaliwa mara ya pili, mara moja tu. Wangerudi kesho asubuhi. Wao wakateremka mjini, mimi nikabaki, nikaenda nyumbani kwa mwalimu mchana uleule. Alikuwa anageuza pilipili manga kwenye jamvi uani. Nilidhani atanifukuza. Akanisogezea kigoda.

"Haya, nifundishe," akasema.

Nilimwambia siwezi kumfundisha yeye. Akasema ninaweza, maana nimepata nne, naye kapata moja, na anataka walimu wawili. Basi nikamwonyesha. Pembe ya juu kushoto. Lisome kwa sauti. Sema hongera mwanafunzi wangu, taja jina, tabasamu, hesabu mpaka tatu, pita dawati la nyuma, uliza kama anaona. Usilete kinacholiwa. Tukakata maboksi, tukachora mananasi kwa makaa na bizari. Alishika kila kitu mara moja. Baada ya muda aliweka mkasi chini.

"Kumbe hawa hawatafuti mwalimu," akasema. "Wanatafuta mwali wa unyago wa kutolewa nje. Apambwe, achezwe, asifiwe, basi." Akanyoosha mgongo. "Haya, nipambe. Nami ni mwali wa miaka hamsini na saba."

Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Lakini alinitaka nirudie habari ya pembe ya kushoto mara nne.

Kesho yake sijawahi kuona uigizaji kama ule, na mimi ndiyo kazi yangu. Aliandika lengo kwa herufi nzuri akalisoma kama anasoma hotuba. Alisema hongera mwanafunzi wangu mara ambazo sikuweza kuzihesabu. Aliinua nanasi la boksi, akalikunja nusu, akalikunjua, akalining'iniza. Alitabasamu kwa mdomo peke yake. Watoto walikaa wima, wametulia, macho yamemtoka, wakijibu kwa pamoja kila anachowaambia wajibu. Yule mwenye pengo alikuwa amekaa karibu na dirisha langu. Alijivuta polepole mpaka ukutani, akaninong'oneza, "Dada, Mwalimu anaumwa?"

Nikamwambia hapana, atapona kesho. Sijui kwa nini nilisema vyote viwili.

Nne. Nne. Nne. Bwana wa mkoba wa ngozi alizigusa kadi za boksi, akahakikisha zipo, akaandika. Mwezeshaji akampa mkono na kumwambia mbele ya watu wote kwamba ameona mwenyewe, uwezo alikuwa nao siku zote, ila alikosa kuudhihirisha. Mwalimu akasema ahsante, baba. Akauliza walimu wake wanakuja lini. Mwezeshaji akasema kuna mchakato. Mwalimu akauliza tena, mchakato unaisha lini. Alimsindikiza akimwuliza hivyohivyo, kwa heshima, kwa sauti ileile, njia nzima ya utelezi hadi kwenye gari, na walipofika akashika mlango wa gari usifungwe. Alisimama pale na kandambili zake, ameshika mlango, mpaka yule baba akatoa kalamu akaandika kwenye karatasi kwamba ni mwanzo wa muhula, akatia sahihi. Ndipo akauachia.

Tukarudi juu. Ilikuwa saa ya watoto kwenda nyumbani, na wengine walikuwa wameshabeba madaftari. Akagonga rimu la gari linalotumika kama kengele, akawarudisha wote darasani. Akafuta ubao wote, pembe ya juu kushoto akaifuta mara mbili. Akawaambia yale ya asubuhi yalikuwa ya wageni, sasa tusome. Nilikaa nyuma na watoto na kusoma somo langu la sehemu kwa mara ya pili, baada ya lile la dirishani, na hilo ndilo ninalolijua hadi sasa.

Muhula ulipoanza alikuja mwalimu mmoja. Wa pili inasemekana aliishia Mikese; alimwona mjomba wake, mjomba akamtafutia kituo cha barabarani. Huyu aliyekuja ni kijana wa Kagera, mwenye sauti ndogo, aliyeanguka mara mbili kwenye utelezi siku ya kwanza na kufika amepakaa matope hadi kwenye cheti chake. Mwalimu alimpa maji ya kunawa, akampa Darasa la Kwanza na la Pili, yeye akabaki na la Tatu. Niliwatembelea mwezi uliopita. Nilipofika saa nane mchana, mwalimu wangu alikuwa amelala kwenye jamvi uani, usingizi mzito, na kutoka darasani, ng'ambo ya ua, nilisikia ile sauti ndogo ikiuliza kitu, na watoto wakibishana.